Zimamoto Si Ufundi

Katika makampuni ya Nairobi na Dar es Salaam ipo sifa ambayo sisi waratibu wa matukio tumezoea kupewa, na tumezoea kuipokea kwa fahari. Mkurugenzi anapiga simu Jumatatu asubuhi. Anataka mkutano wa mawakala Dubai mwishoni mwa mwezi: watu sitini, vyumba, ukumbi, chakula cha usiku jangwani, tuzo, wapiga picha. Mratibu akisita kidogo anaambiwa, "Dada, wewe hakuna kinachokushinda." Na mara nyingi kweli hashindwi. Watu sitini, au hamsini na kitu, wanafika, wanakula, wanapiga picha mbele ya Burj Khalifa, wanarudi nyumbani. Imani inaota mizizi zaidi: kwamba mratibu hodari ni yule anayeandaa tukio ugenini kwa wiki tatu, kwamba fedha zikiwepo hakuna mlango usiofunguka, na kwamba anayeomba miezi minne au mitano ni mtu wa zamani asiyeijua kasi ya biashara ya leo.

Naipinga imani hiyo kuanzia msingi wake. Kazi za zimamoto, yaani zile zinazoandaliwa kwa pupa dakika za mwisho, hazipimi ufundi wa mtu yeyote. Zinapima ni nani anayeweza kusukumiwa gharama bila kulalamika. Matukio haya hufaulu, sikatai, lakini hufaulu kwa kuwatoza watu ambao hawakuwepo mezani wakati wa kuamua, na malipo yao hayaonekani kwenye ankara yoyote.

Chukua wale watu sitini waliopungua wakawa hamsini na kitu. Waliobaki nyumbani ni akina nani? Kwa niliyoyaona katika kazi hii, wakurugenzi hawabaki. Mkurugenzi ana pasipoti iliyojaa mihuri, ana viza ya safari nyingi ambayo bado haijaisha, alama zake za vidole zimo kwenye mitambo ya balozi tangu miaka iliyopita. Anayebaki ni wakala wa Mpanda aliyeuza bima kuliko mtu mwingine yeyote kanda nzima, ambaye habari ya safari inamfikia akiwa hana hata pasipoti. Aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa, afuatilie namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), asafiri hadi ofisi ya uhamiaji, alipe, asubiri. Anayebaki ni mhasibu wa tawi la Bujumbura, au msimamizi wa ghala la Lubumbashi, ambao pasipoti zao hukaguliwa mara mbili pale ambapo ya mwenzao hukaguliwa mara moja. Safari iliyobuniwa kumtuza aliyefanya kazi kubwa inaishia kumtuza aliyezoea kusafiri. Kisha usiku wa tuzo jina la aliyebaki nyumbani linatajwa, watu wanapiga makofi, na mtu mwingine anapanda jukwaani kupokea kwa niaba yake. Kampuni inahesabu kwamba tukio limefana.

Hapo ndipo hoja ya "fedha zikiwepo" inapovunjika, kwa sababu kuna saa ambazo haziuzwi. Tukio likiwa Ulaya, viza ya Schengen ina utaratibu unaojulikana: ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ubalozi una siku 15 za kuamua, na ukiona haja unaweza kuzirefusha hadi 45. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari sharti ifikie yuro 30,000. Anayeomba kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole, na kabla ya hapo apate miadi, na miadi hutolewa kwa foleni. Kampuni inaweza kuwa na mabilioni benki, siku 45 zitabaki 45. Chanjo ya homa ya manjano nayo ina saa yake. Tangu Julai 2016 cheti chake kinadumu maisha yote ya mtu, lakini kwa aliyechanjwa mara ya kwanza kinaanza kutambuliwa baada ya siku 10. Mwili ndio unaohitaji siku hizo ili kujenga kinga, na hakuna karani wa kumpa bahasha.

Mtu atasema viza huwashinda hata waliojipanga mapema. Ni kweli, na jambo hilo linanipa nguvu mimi, halimpi yeye. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Montreal mwishoni mwa Julai 2022. Tarehe na mahali vilitangazwa mapema kabisa, waandaaji walikuwa wazoefu, na hata hivyo wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza za Kanada au hawakujibiwa kwa wakati. Winnie Byanyima wa Uganda, Mkurugenzi Mtendaji wa UNAIDS, mtu anayebeba dhamana ya Umoja wa Mataifa, alieleza hadharani jinsi alivyokaribia kuzuiwa kupanda ndege uwanjani Geneva. Ikiwa hayo yalitokea kwa shirika lenye uzito huo na muda mrefu wa maandalizi, kampuni ya usambazaji wa sabuni inamweka wapi mfanyakazi wake kwa wiki tatu?

Hapa wenzangu hunijibu kwamba ndiyo sababu tunakwenda Dubai. Viza yake hutoka upesi, hoteli ni nyingi, kila kitu kipo tayari. Nakubali kwamba Dubai imejengwa kwa ajili ya wageni kuliko miji mingi duniani. Lakini tuangalie bei ya hiyo haraka. Mashirika ya ndege kwa kawaida huuza tiketi za kundi kuanzia abiria 10: unaweka amana, viti vinashikwa, majina unapeleka baadaye. Utaratibu huo unadai muda. Aliyechelewa ananunua tiketi moja moja, majina yakiwa yamefungwa, bei ikipanda kila siku anapongojea sahihi ya ofisi ya fedha. Hoteli nayo inaona tarehe kabla haijaona jina la kampuni. Inajua kwamba aliyebakiwa na siku ishirini hana pa kwenda. Kwa hiyo anapewa mkataba wa kulipa vyote mapema bila kurudishiwa, na kifungu cha vyumba visivyotumika kinabaki kama kilivyoandikwa na wao. Wale watu ambao viza zao hazikutoka, vyumba vyao vimeshalipiwa na vitalala vitupu. Aliye na miezi mitano angebishana na hoteli tatu, angepunguza idadi hatua kwa hatua kadiri majibu ya viza yanavyofika, na kwa tofauti ya bei angepeleka mawakala zaidi. Sijawahi kuona idara ya manunuzi ikiandika safu moja katika taarifa yake inayosema "gharama ya kuchelewa". Ipo, na ni kubwa, lakini imegawanywa ndani ya tiketi na vyumba mpaka haitambuliki.

Na mambo mengine ni ya mahali penyewe. Rwanda ni mfano mzuri kwa sababu ndiyo nchi ya kanda yetu iliyojitayarisha kwa mikutano kuliko nyingine. Jumba la mikutano la Kigali lilifunguliwa mwaka 2016 na likapokea kikao cha wakuu wa Umoja wa Afrika Julai mwaka huo huo. Mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola ulifanyika Kigali Juni 2022. Mkenya na Mganda wanaingia huko kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Kwa hiyo mkurugenzi wa Nairobi anaona Kigali kama chumba cha pili cha nyumba yake na haoni sababu ya kupanga mapema. Anachagua wikiendi ya mwisho wa mwezi, ndege zitue Jumamosi asubuhi, wageni waende moja kwa moja ukumbini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya Umuganda: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi wananchi wamo katika kazi za jamii, maduka yamefungwa, barabara zimetulia, na mabasi ya wageni hayazunguki tu kwa kuwa kampuni ina ratiba. Au anachagua wiki ya pili ya Aprili, kwa sababu ndipo hoteli zilipoonekana na nafasi, na anaagiza bendi na mshereheshaji. Wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili Wanyarwanda wanawakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki wa sherehe haupigwi. Nafasi aliyoiona hotelini haikuwa bahati. Ilikuwa msiba wa taifa zima, naye alikuja kuutandikia zulia jekundu.

Ongeza na mizigo. Zawadi za wageni zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye nembo ya kampuni. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mpiga picha amebeba droni bila kibali, nayo inabaki forodhani. Mkufunzi wa kigeni anayekuja Arusha kufundisha siku mbili amechukua viza ya kawaida ya matembezi, ya dola 50, wakati aliyekuja kwa shughuli za biashara anatakiwa kuwa na ile ya dola 250, na afisa wa uhamiaji ana haki ya kumuuliza.

Au twende Muscat. Kampuni ya Mombasa inataka kuzindua huduma yake kwa wateja wa Oman na inapanga hafla Ijumaa asubuhi, kwa kuwa mwaka jana ilifanya Dubai siku kama hiyo. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamisha mapumziko ya wiki mwaka 2022, ukaifanya Ijumaa kuwa nusu siku ya kazi. Oman haikufanya hivyo: Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zao za mapumziko. Muscat imejaa watu wanaozungumza Kiswahili, familia zilizotoka Unguja na Pemba na Mombasa yenyewe, na simu moja kwa shangazi wa mtu ingemaliza jambo hilo.

Nitaambiwa kwamba hayo yote yamo kwenye intaneti na mtu anaweza kuyasoma kwa dakika kumi. Yamo, ndiyo. Tatizo la aliye na haraka ni kwamba hajui swali la kuuliza. Mpango unaokaa miezi mezani hupita mbele ya macho mengi: karani wa hoteli, wakala wa mizigo, dereva, mfanyakazi mwenye shemeji yake Kigali. Mmoja wao husema, "Lakini wiki hiyo…" na tarehe inabadilishwa kabla fedha hazijatoka. Muda hauifanyi akili ya mratibu kuwa kali zaidi. Unawapa watu wengine nafasi ya kumsahihisha, na mimi nimesahihishwa na madereva mara nyingi kuliko na wakurugenzi.

Kisa kilichojulikana dunia nzima kinaonyesha hili waziwazi. Desemba 2016 kampuni ya New York, Marekani, iliyokuwa ikitaka kuitangaza programu yake ya simu ya kukodi wasanii ilianza kuuza tiketi za tamasha la kifahari katika visiwa vya Bahamas. Tamasha lilipangwa tarehe 28 Aprili 2017, miezi minne na kidogo baadaye, mahali ambapo maji, umeme, vyoo na malazi vilitakiwa kuanzishwa upya. Tamasha la Fyre linakumbukwa kwa mahema yaliyolowa na kwa vijana waliokwama usiku. Billy McFarland, aliyekuwa kichwa chake, alihukumiwa Oktoba 2018 kifungo cha miaka sita kwa ulaghai. Watu husimulia kisa hicho kama habari ya tapeli, na utapeli ulikuwepo. Lakini kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa: wikiendi ile ile kisiwa cha Great Exuma kilikuwa na mashindano yake makuu ya mashua ya kila mwaka, na vyumba vilikuwa vimekwisha. Mvuvi yeyote wa George Town, mji wa kisiwa hicho, angewaambia. Na jingine kubwa zaidi: waliopanda ndege walirudi kwao na hadithi ya kusimulia, ila wenyeji waliochimba, waliobeba na waliopika walibaki na madai yasiyolipwa. Mwanamke mwenye mkahawa aliyelisha watu wale alitumia akiba yake kuwalipa wapishi wake, hadi watu wa mbali walipomchangia mwaka 2019. Haraka ilikuwa ya New York. Deni liliachwa Exuma.

Sasa niende kwenye mifano ambayo upande wa pili huileta kwa kujiamini, kwa sababu ipo mizuri. Tarehe 30 Oktoba 2019 Chile ilijiondoa kuandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, COP25, kutokana na maandamano Santiago. Siku mbili tu baadaye ilikwisha kukubaliwa kwamba utafanyika Madrid, na tarehe 2 Desemba ulifunguliwa. Maelfu ya wajumbe, mwezi mmoja! Na karibu zaidi na sisi: Septemba 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliinyang'anya Kenya mashindano ya CHAN kwa sababu viwanja havikuwa tayari, Oktoba yakapewa Morocco, na tarehe 13 Januari 2018 mpira ukaanza kuchezwa. Je, si ushahidi kwamba inawezekana?

Tazama nini hasa kiliwezekana. Madrid haikujenga kitu kwa mwezi mmoja. Ilifungua milango ya IFEMA, kumbi za maonyesho zenye mafundi wake, umeme wake, reli ya chini ya ardhi mlangoni, na serikali nzima ya Hispania ikisimama nyuma. Morocco haikuandaa viwanja vya Casablanca, Tangier, Marrakech na Agadir kwa miezi mitatu. Ilikuwa imeviandaa kwa miaka, na Marrakech na Agadir vilishapokea Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2013. Kilichochukua wiki chache ni uamuzi wa kuhamia, na maandalizi yalikuwa yamefanywa zamani na watu wengine. Kenya ndiyo iliyojaribu zimamoto katika hadithi hiyo, tukaona mwisho wake.

Na hata Madrid kuna walioilipia. Wawakilishi wa jamii za asili na mashirika madogo ya Amerika ya Kusini walikuwa wameshalipia Santiago, wengine kwa michango ya vijiji. Mkutano uliokusudiwa kuwafuata nyumbani ukahamia ng'ambo ya bahari. Greta Thunberg, aliyekuwa amevuka kwenda Amerika kwa mashua, aliomba msaada hadharani wa kurudi Ulaya na akapata mashua, kwa kuwa ni Greta. Mwanakijiji wa Amazon hakupata ya kwake. Chile ilikuwa na sababu ya kweli, nchi ilikuwa ikiungua. Mkutano wa kusherehekea mauzo ya robo mwaka hauna sababu ya namna hiyo.

Basi haraka hii inatoka wapi? Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa kuwa wengi huizungumzia kama hali ya hewa, kitu kinachotujia kutoka juu bila mtu kukituma. Kwa kazi nyingi nilizozijua, wazo la tukio lilikuwepo miezi sita au saba kabla. Lilikaa kwenye kabrasha la bodi. Lilingoja bajeti. Lilingoja mkurugenzi arudi likizo. Lilibishaniwa kama liwe Istanbul au Cape Town, wiki baada ya wiki. Kwenye mashirika ya umma na wale wanaofanya nao biashara, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na ifikapo Mei fedha ambazo zingerudi hazina zinatafutiwa mafunzo ya nje kwa nguvu. Muda ulikuwepo. Ulitumiwa wote na wenye mamlaka ya kuamua, na makombo yake yakatupwa kwa wenye wajibu wa kutenda. Kisha mtendaji akilalamika anaambiwa hana kasi.

Naelewa hoja kwamba mipango mirefu nayo ni ugonjwa. Nimekaa kwenye kamati za maandalizi zilizokutana mara kumi kujadili rangi ya vitambaa vya meza, na sitetei upuuzi huo. Ni kweli pia kwamba baada ya janga la korona soko lilibadilika, wateja wakazoea kuagiza kwa kuchelewa na hoteli zikazoea kukubali, kwa sababu zilikuwa tupu na zilihitaji fedha. Ninachodai ni kugeuza mizani: uamuzi uchukue siku mbili, utekelezaji uachiwe miezi. Leo tunafanya kinyume, kisha tunakiita kinyume hicho wepesi wa biashara.

Kuna kundi moja la watu ambalo hakuna anayelikumbuka katika mjadala huu, nalo ni wakalimani. Kampuni nyingi za kanda sasa zina mawakala wa Kongo, na mkutano unahitaji Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Ukalimani wa papo kwa papo hufanywa na watu wawili kwenye kibanda kimoja, wakipokezana kila nusu saa hivi, kwa kuwa ubongo huchoka na ukichoka hukosea. Wanahitaji hotuba na istilahi siku kadhaa kabla. Tukio la zimamoto humpata mkalimani mmoja, humwamsha alfajiri, humpa hotuba za mkuu wa fedha zenye takwimu mlangoni mwa ukumbi, na kumwacha aseme peke yake hadi jioni. Wakala wa Goma anakaa na visikizi masikioni akisikia nusu ya sentensi. Anaambiwa kamisheni itakokotolewa upya na hajui vipi. Atagundua akirudi, kwenye malipo ya mwezi. Amesafirishwa kwenda mbali, amelazwa vizuri, na kitu pekee alichotakiwa kukipata pale, yaani maelezo ya kazi yake, hakukipata. Huyu ni mtu mzima, ana wateja wanaomtegemea na watoto wa kusomesha, na tumemfanya kuwa pambo la picha.

Vivyo hivyo kwa watoa huduma wadogo. Muda ukiwa mfupi hakuna nafasi ya kutafuta bei tatu, wala kumtembelea mama lishe wa Stone Town jikoni kwake, wala kumwamini kijana mwenye mabasi mawili. Kazi yote inapewa hoteli kubwa au wakala mmoja mkubwa mwenye kila kitu. Wadogo wanaingia kwa mlango wa nyuma, kwa nusu ya bei, na hulipwa mwisho kabisa. Kampuni inayojitangaza kwamba inainua wajasiriamali imewafungia nje bila hata kukusudia.

Na tukio lisilo na nafasi ya kupumua halina siku ya kupoteza. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa kuliko zote zilizoandikwa katika miaka 75 iliunyeshea Umoja wa Falme za Kiarabu, na uwanja wa ndege wa Dubai ukavurugika kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma na abiria wakajaa nje ya majengo. Aliyepanga kwa utulivu huwafikisha wageni siku moja kabla, ana bima iliyosomwa, ana mkataba wenye kifungu cha dharura. Aliyepanga kwa wiki tatu ana ndege moja inayotua saa nne kabla ya ufunguzi.

Dharura za kweli zipo: ajali, bidhaa yenye madhara inayotakiwa kurudishwa, kampuni mbili kuungana ghafla. Kwa hizo waende watu watano wenye viza tayari, wakae chumba kimoja cha mikutano, wamalize. Wengine wote wanaotaka haraka wajibiwe kwa karatasi siku ile ile waliyopiga simu. Ama tarehe isogezwe, ama mahali pabadilike. Kigali ipo, kwa anayeheshimu kalenda yake, na mwaka 2023 Rais Kagame alitangaza kwamba Waafrika wote wataingia bila viza. Arusha ipo, na kituo chake cha mikutano, AICC, kinachopokea wageni tangu mwaka 1978. Nairobi ipo, na jumba lake la mikutano, KICC, lililokamilishwa mwaka 1973 baada ya ujenzi ulioanza 1967, likawahi mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kwanza barani Afrika. Hakuna aibu kwa kampuni ya Dar es Salaam kukutana Arusha na kila mtu wake akiwepo. Kupunguza orodha ya watu ili tarehe ibaki pale pale, hilo mratibu asilikubali kabisa, hata akitishiwa kwamba kazi atapewa mwingine.

Kwenye taarifa ya baada ya tukio, ukurasa wa kwanza kabla ya picha, ziandikwe tarehe tatu: siku wazo lilipotajwa kwa mara ya kwanza, siku bajeti ilipoidhinishwa, na siku mratibu alipoambiwa. Chini yake yaandikwe majina ya wote waliostahili kusafiri wakabaki, na sababu ya kila mmoja. Mimi naliweka sharti hilo kwenye mkataba. Wapo wateja wanaolikataa, na kazi zao huwa sizichukui.